Otojairo ya Rimoti: Amri Itoke Kwenye Rota au Kwenye Mkia?

Anayetaka kuunda otojairo ya rimoti, yaani chombo kinachobebwa na mapanga ya rota yanayozungushwa na upepo badala ya mabawa, huuliza mapema: nifunge sevo (vimota vya kusogeza sehemu za modeli) ngapi, na zisogeze nini? Mimi hulijibu swali hilo kwa swali lingine. Injini ikipunguzwa, modeli ikabaki karibu imesimama hewani, ni kitu gani bado kitakutii? Kwa ndege ya mabawa swali hili halina uzito, maana mwendo ukiisha, mabawa na mkia huacha kazi kwa pamoja. Otojairo haiko hivyo. Mapanga yake huendelea kuzunguka na kuibeba hata mwendo wa mbele ukiisha, ilhali mkia umeshakosa upepo. Kwa hiyo kuna kipindi modeli imebebwa vizuri kabisa, na wewe uliyeshika rimoti huna la kuifanya. Kila njia ya kuiongoza otojairo naipima kwa kipindi hicho.

Tuanze na rota yenyewe. Angani haizungushwi na injini. Propela huvuta modeli mbele, mlingoti unaoshika rota umeegemea nyuma digrii chache, na hewa huingia kwenye mapanga kutoka chini na kutokea juu. Hewa hiyo ndiyo inayoyazungusha. Mapanga ya modeli mara nyingi huwa bapa upande wa chini na yamejaa kidogo upande wa juu, na hufungwa yakiwa yameinamisha ukingo wa mbele: digrii moja au mbili hasi ukipimia ule upande bapa. Aliyetoka kwenye helikopta huona jambo hili limekaa kinyume, akatamani kuyafunga chanya kama alivyozoea. Akifanya hivyo, rota husita kuanza na haifikii kasi ya kubeba.

Modeli ikishaanza kusonga mbele, panga linalokwenda mbele hukutana na upepo mkali kuliko lile linalorudi nyuma. Upande mmoja hubeba zaidi, na chombo chote hutaka kupinduka kuelekea upande wa panga linalorudi. Juan de la Cierva, mhandisi wa Kihispania, alikabiliana na tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mashine yake ya kwanza, C.1 ya mwaka 1920, ilikuwa na rota mbili kwenye mhimili mmoja zikizunguka kinyume, ili kasoro ya moja ifutwe na ya pili. Lakini rota ya juu iliivuruga hewa ya ile ya chini, na kasi zao hazikulingana. Majaribio mengine mawili yaliyofuata nayo hayakufua dafu.

Sisi tunaounda modeli tuna sababu ya pekee ya kuipenda sehemu inayofuata. De la Cierva alikuwa na modeli ndogo iliyoruka vizuri wakati mashine zake kubwa zinapinduka. Mapanga ya modeli yalitumia henzirani, yakawa yanapindika. Ya mashine kubwa yalikuwa yamekazwa kabisa. Alipoiona tofauti hiyo akaweka bawaba kwenye shina la kila panga, na C.4 ikaruka nchini Uhispania Januari 1923. Kwa bawaba, panga linalokwenda mbele huruhusiwa kupanda, na kwa kupanda hupunguza pembe yake dhidi ya hewa. Linalorudi hushuka na kuiongeza pembe hiyo. Pande mbili zinalingana bila rubani kugusa kitu.

Katika modeli nyingi za leo bawaba hiyo ni bamba jembamba la fibaglasi lililofungwa katikati ya rota, mapanga matatu yakishikwa kwenye ncha zake. Watu huichukulia kama kipande cha kuunganishia tu. Mimi naiona ni sehemu ya mfumo wa kuongoza, tena sehemu kubwa. Bamba likiwa gumu kupita kiasi, mapanga hayapandi na kushuka inavyotakiwa, na ule mpinduko wa zamani hurudi kwenye mlingoti. Likiwa laini kupita kiasi, mapanga huning'inia rota inapozunguka polepole, na yanaweza kuugonga mkia. Kabla hujalaumu sevo au rimoti, shika panga kwenye ncha ulipandishe na kulishusha kwa kidole. Utajua mengi.

Bawaba huleta na tabia nyingine, na hii ndiyo ufunguo wa kuelewa njia zote za uongozi: sahani ya rota, yaani duara linalochorwa na mapanga yakizunguka, huegama ikiukimbia upepo. Upepo ukitoka mbele, sahani huegama nyuma. Ukitoka kulia, huegama kushoto. Nitairudia hoja hii mara kadhaa.

Njia rahisi kuliko zote ni kukiacha kichwa cha rota, kitovu kinachoshika mapanga, kimetulia, kimefungwa moja kwa moja juu ya mlingoti, na kuongoza kwa mkia peke yake: eleveta ya kupandisha na kushusha pua, usukani wa mkia wa kugeuza, na kasi ya injini. Sevo mbili na injini. Hakuna eleroni (vibao vya kulaza vilivyo kwenye mabawa), hakuna kinachotikisika juu. Mtu huweza kujiuliza modeli hiyo italalaje ubavu kwenye kona wakati hakuna kitu cha kuilaza. Jibu liko kwenye ile tabia. Ukipiga usukani kushoto, pua huenda kushoto lakini modeli bado inateleza kwenye njia yake ya zamani, hivyo upepo unaipiga kutoka kulia. Sahani inaukimbia, inaegama kushoto, na modeli inalala kushoto. Usukani ndio uliogeuza, rota ndiyo iliyolaza.

Napenda usanifu huo, na katika hewa tulivu modeli ya namna hiyo inafurahisha sana. Ila ina masharti mawili. La kwanza, kulala kwake huchelewa kidogo baada ya amri, kwa hiyo rubani lazima awe mbele ya modeli kwa mawazo. La pili ni zito zaidi: usukani na eleveta hula upepo wa propela. Injini ikiwa inavuta, mkia una nguvu hata modeli ikienda polepole. Ukiifunga injini ghafla modeli ikiwa juu na pua imeinuka, umeukata mkia chakula chake. Rota itaendelea kubeba na modeli itashuka karibu wima, ikigeukia inakotaka yenyewe. Dawa ni kushusha pua mapema na kuacha injini inapumua kidogo mpaka magurudumu yaguse ardhi.

Kichwa kisichosogea kina suala la pembeni pia. Hata bawaba ikifanya kazi yake, bamba la modeli halipindiki kwa uhuru kamili, na mvuto kidogo kuelekea upande wa panga linalorudi hubaki. Ndiyo maana mlingoti huegemezwa digrii moja hadi tatu kuelekea upande wa panga linalokwenda mbele. Lakini mvuto huo hukua modeli inapoongeza mwendo, na mlingoti uliokwisha kugandishwa gundi haujui mwendo umeongezeka. Utarekebisha kwa mwendo mmoja tu, na kwenye mwendo mwingine utalipa. Inasaidia kuchagua upande wa kuzungusha rota ukiwa umeifikiria propela. Propela ya kawaida ya mbele, ikizunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka nyuma, huisukuma bodi ilale kushoto. Rota inayozunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu ina panga linalorudi upande wa kulia, kwa hiyo huvutia kulia. Viwili hivyo hupunguzana. Havifutani kikamilifu, ila modeli inakuwa na adabu zaidi wakati wa kupaa, wakati ambao adabu inahitajika kuliko wakati wowote.

De la Cierva mwenyewe alipitia njia ya mabawa. Otojairo zake za miaka ya 1920 zilikuwa na mabawa mafupi yenye eleroni, pamoja na eleveta na usukani kama ndege yoyote. Tatizo likawa ni lile lile ninalolizungumzia: rota iliiruhusu mashine kwenda polepole sana, polepole kiasi kwamba eleroni na mkia havikuwa na hewa ya kushika. Mashine ikawa na uwezo wa kutua kwa mwendo mdogo mno, na haina uongozi kwa mwendo huo. Jibu lake lilikuwa kukiinamisha kichwa chenyewe. Alilijaribu mwaka 1932 kwenye C.19 Mk V, kisha likaingia kwenye C.30, otojairo isiyo na mabawa ambayo rubani wake aliiongoza kwa kijiti kirefu kilichoning'inia kutoka kwenye rota. Wanaofunga eleroni kwenye vibawa vya modeli kwa ajili ya mfanano na mashine za kale wafanye hivyo kwa furaha, lakini wasizitegemee karibu na ardhi.

Kichwa kinachoinama ndicho ninachokitetea. Kanuni yake haina ugumu. Rota inavuta juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa modeli, na bodi imening'inia chini yake kama ndoo kwenye kamba. Ukiinamisha kichwa kushoto, mvuto huo unaegama kushoto, juu ya kitovu cha uzito, na bodi inalala kushoto. Nguvu ya kuongoza inatokana na uzito wenyewe unaobebwa. Maadamu rota imebeba modeli, amri yako ina nguvu, hata kama mwendo wa mbele ni sifuri na mkia umekufa. Hakuna njia nyingine kati ya zile za mkia na mabawa inayoweza kusema hivyo.

Kutoka hapo njia inagawanyika. Wapo wanaoinamisha kichwa pande zote, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa sevo mbili, na kuacha usukani tu mkiani. Wapo wanaokiinamisha kushoto na kulia peke yake, na kupandisha na kushusha pua kwa eleveta. Kwa modeli ya kwanza mimi nachagua ya pili bila kusita.

Sababu yangu ni hii. Kulala ni jambo ambalo mkia hauliwezi, hivyo linastahili kupewa rota. Pua ni habari nyingine. Kiwambo cha mkia, bapa la ulalo lenye eleveta, hufanya kazi mbili, kuamuru na kutuliza: hata usipogusa kijiti cha rimoti, kiwambo kinapinga mtikisiko wa pua. Kichwa kinachoinama mbele na nyuma hakitulizi chochote, kinatii tu. Zaidi ya hayo, kijiti kikisukumwa mbele kwa nguvu, kichwa huinama mbele papo hapo, hewa inaacha kuingia kutoka chini, na rota inapoteza mzigo pamoja na kasi yake. Hilo ndilo kosa ambalo otojairo ya ukubwa wowote haisamehe. Rota iliyopungua kasi hairudi kwa kuongeza injini. Eleveta nayo inaweza kukufikisha pabaya, lakini inakufikisha polepole, na unapata muda wa kuvuta kijiti nyuma.

Kichwa kamili, kile kinachoinama pande zote, kina faida yake, siikatai. Unaweza kutua bila mwendo: modeli inashuka, karibu na ardhi unainamisha kichwa nyuma, hewa zaidi inaingia, rota inaongeza mvuto, na modeli inakaa pale pale. Ukitazama mtu anayelijua jambo hilo akilifanya kwenye upepo wa wastani, utaelewa kwa nini wazee wa fani hii hawataki njia nyingine. Na kwenye kupaa, kuvuta kijiti nyuma hufungua sahani kwa upepo, rota inapata kasi mapema. Anayezijua tabia za rota aende huko. Mwanafunzi afunge kwanza eleveta.

Kuna wanaouliza kuhusu kichwa cha helikopta chenye kisahani cha mitambo (si ile sahani ya mapanga) kinachobadilisha pembe ya kila panga kadiri linavyozunguka. Kinafanya kazi, na kinaongeza jambo moja ambalo vichwa vingine havina: kubadilisha pembe za mapanga yote kwa pamoja, hivyo rota ikizungushwa kwanza ardhini kwa pembe ndogo kisha pembe ikaongezwa ghafla, modeli huruka juu bila kukimbia. Otojairo kubwa zilikuwa zikifanya hivyo tangu miaka ya 1930. Kwa kazi ya kawaida, hata hivyo, ni viungo vingi vinavyochakaa kwa faida ambayo kichwa cha kuinama kinakupa kwa mhimili mmoja.

Rota mbili ubavuni, zikizunguka kinyume, zinafuta mvutano wa pembeni na kuonekana tulivu sana angani. Ardhini zinadai uangalifu: rota moja ikichelewa kupata kasi, upande huo hauinuki.

Sasa ardhini. Modeli nyingi za otojairo huharibika kabla hazijafika urefu wa kichwa cha mtu, na mara nyingi namna yake ni moja. Rubani anaongeza injini, modeli inakimbia, rota bado inazunguka kivivu. Panga linalorudi nyuma linakwenda polepole hivi kwamba upepo wa mwendo unakaribia kulipita, halibebi chochote. Lile linalokwenda mbele linabeba. Modeli inajipindua upande wa panga linalorudi, na mapanga yanapiga ardhi. Mtu anasema sevo zake ni dhaifu, au kichwa hakikuinama vya kutosha, anaongeza mwinamo, na siku nyingine yanatokea yale yale. Hakuna njia ya uongozi inayotibu rota isiyo na kasi, kwa kuwa nguvu ya kichwa inatokana na mzigo ambao rota hiyo bado haijaubeba.

Kwa hiyo elekeza pua penye upepo, izungushe rota kwa mkono ianze, vuta kijiti nyuma, na uiache modeli itambae taratibu. Sikiliza. Mapanga yanaanza kwa kupigapiga, kisha sauti inakazana na kuwa mvumo mmoja, na mapanga yanaacha kuyumba na kuonekana kama sahani moja nyembamba. Hapo ongeza injini. Modeli ya kichwa kisichosogea inasaidiwa na gurudumu la nyuma: bodi iliyokaa mkia chini imekwisha kuielekeza sahani kwenye upepo yenyewe. Magurudumu ya mbele yawe na nafasi pana kati yao.

Upande wa sevo usibane. Rota hutikisa, na kila mtikisiko unarudi kwenye kiunganishi na kuingia kwenye meno ya sevo. Zile zinazoinamisha kichwa ziwe za gia za chuma, zenye nguvu ya kutosha kushikilia hata rota inapovuta kwa mzigo wote, na mhimili wa kichwa usiwe na ulegevu. Ulegevu mdogo juu ya mlingoti ni kuyumba kukubwa angani. Mwinamo wenyewe hauhitaji kuwa mwingi. Digrii tano au sita kila upande zinatosha kuanzia. Baada ya amri, bodi huchukua muda kidogo kuifuata rota, na anayeongeza kijiti kwa kukosa subira hujikuta modeli imelala zaidi ya alivyotaka, anarudisha, inazidi upande wa pili. Subiri bodi ifike.

Vifaa vya elektroniki vya kutuliza modeli vinafaa kwenye kichwa kinachoinama, hasa kwa kulala, mradi uviwekee nguvu ndogo. Vikizidi, kifaa huamuru kabla bodi haijafuata, na modeli huanza kutetemeka kushoto na kulia. Vifungwe kwenye bodi juu ya sponji, mbali na mlingoti.

Siku ya kwanza ya modeli yenye kichwa cha kulala na eleveta, mimi hufuata mpangilio huu. Naining'iniza kwa kichwa cha rota na kuhakikisha pua inainama chini kiasi cha digrii kumi, wala haijakaa sawa au kuinuka. Naangalia kwa macho kwamba kijiti kikienda kulia, ukingo wa kulia wa sahani unashuka; ni rahisi kugeuza sevo kimakosa na kutogundua, kwa kuwa hakuna eleroni ya kukukumbusha. Naihakikisha injini imeinamishwa chini kidogo, maana ukinzani wa rota uko juu na mvuto wa propela uko chini yake, na bila mwinamo huo kuongeza injini kunainua pua. Kisha nangoja upepo ulio thabiti, wa kutosha kuyumbisha majani. Upepo wa namna hiyo unaisaidia rota kuliko hewa tuli, ingawa wageni wa fani hii huogopa kuamini. Modeli ikiinuka, sigeuzi. Naiacha ipande moja kwa moja dhidi ya upepo, nikisahihisha kulala kwa kugusa tu, hadi iwe na urefu wa kutosha. Nageuza kwa kichwa na usukani pamoja, kona pana, injini ikiwa imeongezwa, kwa sababu kwenye kona rota hubeba zaidi ya uzito wa modeli na hula kasi ya mbele. Upande wa kwenda na upepo naitazama rota badala ya ardhi: modeli huonekana inakimbia, na mkono hutaka kupunguza injini. Siipunguzi mpaka niwe nimeelekea upepo tena.